Muthama na Upande wa Pili

Kabla Muthama hajawa mzee wa kusumbua watu wa app, alikuwa kijana wa kugeuza sahani. Kazi hiyo siku hizi haipo, na waliozaliwa baada ya kaseti hawajui kama iliwahi kuwepo, kwa hiyo afadhali tuieleze kwanza.

Mwaka wa sabini na saba, pale sokoni Kalamba, Nzomo alikuwa na baa yenye gramafoni iliyotumia betri ya gari. Sahani za siku hizo zilikuwa ndogo, na upande mmoja ulibeba dakika tatu na kitu. Sasa, waimbaji wa Ukambani hawakuwa watu wa kumaliza habari kwa dakika tatu. Mtu akiimba kuhusu safari yake ya kwenda ukweni, lazima ataje waliomuaga, alichokula njiani, na mbwa wa nani alimbwekea. Basi wimbo ulikatwa katikati, nusu upande huu na nusu upande ule. Sindano ikifika mwisho wa nusu ya kwanza, ilibidi mtu awepo wa kuinua mkono wa gramafoni, kugeuza sahani, na kuirudisha sindano bila kukwaruza. Kwa Nzomo mtu huyo alikuwa Muthama, mwenye miaka ishirini, vidole virefu na shati moja la kutokea.

Dansi ilikuwa Jumapili mchana. Muthama alijifunza kugeuza kwa muda ule ambao mchezaji anaweza kusimama mguu mmoja ukiwa hewani bila kuanguka. Nzomo mwenyewe hakujali akichelewa, maana anayeketi huagiza kinywaji. Muthama ndiye aliyejali. Aliona ni aibu kumwacha mtu katikati ya habari.

Jumapili moja sahani ilimponyoka ikaviringika chini ya meza. Watu walisimama wakingoja, na msichana mmoja wa gauni la njano akaja mpaka kaunta akamwambia kwamba mguu wake umekufa ganzi, na kama kazi imemshinda aseme. Aliiokota ile sahani, akaipangusa kwa pindo la gauni, akaiweka mwenyewe na kurudi kucheza. Aliitwa Kanyiva. Mwaka uliofuata Muthama alipeleka kwao mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao Mkamba hupeleka ukweni ili binti ahesabike kuwa ni mkewe, na mpaka leo wako pamoja.

Kaseti zilikuja, na kaseti haikuhitaji mtu wa kuigeuza kila dakika tatu. Nzomo akamwambia asijisumbue kuja tena. Muthama alilima kunde na machungwa kwake Kalamba, kisha akapata kibarua kwenye kituo cha utafiti cha Kiboko, kufunga vibandiko vya namba kwenye mistari ya mtama. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita, na wakubwa wake walisema hakuna mstari uliowahi kuchanganyika na mwingine akiwepo. Alistaafu akiwa na magoti mabaya na kofia ya kituo.

Hadithi yenyewe ilianza binti yake Muthoki alipofungua hoteli Mtito Andei.

Ilikuwa hoteli ya meza tisa kando ya barabara ya Mombasa, karibu na pale malori yanapoegeshwa, na wateja wake walikuwa madereva. Muthoki alimwomba baba yake aje amsaidie kuangalia mambo. Mambo yenyewe hayakuwa mengi, kwa sababu magoti hayakumruhusu kubeba sahani za chakula, na Mwau, mpishi, hakupenda mtu asimame nyuma yake. Wiki ya kwanza Muthama alikaa tu akisalimia watu. Wiki ya pili Muthoki alimpa simu ya hoteli, akamwonyesha app moja ya nyimbo inayoitwa Tumbuizo, akamwambia, "Nau, muziki ni kazi yako." Nau ni baba kwa Kikamba, na alipomwita hivyo Muthama hakuwa na namna ya kukataa.

Muthama aliingia ndani ya app ile kama mtu aliyefunguliwa ghala. Nyimbo alizodhani zimekufa na gramafoni ya Nzomo zilikuwamo zote, na majina yake, na picha ndogo za waimbaji wakiwa vijana. Alitengeneza orodha ya nyimbo mia mbili na kumi na mbili. Alichanganya benga na kwaya, kwa sababu madereva wengine ni watu wa kanisa na Muthoki mwenyewe ni wa kanisa. Ndani ya orodha hiyo kulikuwa na nyimbo kumi na saba za pande mbili, na zote alizipanga vizuri, upande wa kwanza kisha wa pili.

Ilienda sawa kwa wiki tatu. Kisha Muthoki akagundua kwamba Mwau ameikariri orodha. Mwau alikuwa anapika kwa nyimbo: ukianza wimbo fulani anageuza chapati, ukianza mwingine anatoa mkate wa pili wa siku, na ikifika kwaya ya Makindu anavua aproni na kwenda kupumzika, hata kama meza zote tisa zimejaa. Alipoulizwa alisema wakati wake wa kupumzika umefika, si wanasikia wenyewe. Siku hiyo hiyo Muthoki alichukua simu akabonyeza kile kitufe cha mishale miwili iliyopishana, na kuanzia hapo app ikawa inachukua nyimbo ovyo ovyo, bila mpango. Mwau alirudi kutumia saa ya ukutani.

Lakini nyimbo za pande mbili zikavunjika.

Wa kwanza kuumia, ukimwacha Muthama mwenyewe, alikuwa Hersi. Huyu alikuwa dereva wa trela kutoka Garissa, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyebeba mchele kutoka Mombasa kwenda Nairobi na kupita Mtito kila Jumanne mwendo wa saa tano asubuhi. Aliagiza chapati, maharagwe na chai ya rangi, na alipenda kukaa meza ya Muthama. Hakujua Kikamba, ila alipenda kuuliza nyimbo zinasema nini, na Muthama alipenda kuulizwa.

Jumanne hiyo app ilitoa "Mbui Sya Tiva", yaani mbuzi wa Tiva. Muthama alimfasiria mstari kwa mstari. Kuna kijana anapeleka mbuzi watatu ukweni, ng'ambo ya mto Tiva, kule Kitui. Hersi aliposikia habari za mbuzi aliweka kikombe chini, maana baba yake na babu yake walikuwa wafanyabiashara wa mifugo. Aliuliza mbuzi hao ni wa umri gani, na ni majike au madume. Muthama alisema wimbo haukusema. Kijana anafika mtoni anakuta maji yamejaa mpaka kwenye kingo. Anawafunga mbuzi wote kwa kamba moja shingoni. Hapo Hersi alitikisa kichwa akasema hakuna mtu mwenye akili anayefunga mbuzi watatu kwa kamba moja majini, mmoja akiteleza wote wamekwenda. Kijana anavua viatu. Anatia mguu mmoja ndani ya maji. Gitaa linapanda, linapanda, kisha linafifia.

Wimbo uliofuata ulikuwa wa kwaya, kuhusu Nuhu.

"Akavuka?" Hersi aliuliza.

"Hiyo iko upande wa pili."

"Basi niambie wewe."

Muthama alikataa. Alisema miaka ile yote kwa Nzomo hakuwahi hata siku moja kumwambia mtu upande wa pili kwa mdomo. Upande wa pili unachezwa, hausimuliwi. Hersi alidhani anatania. Alimngojea, akaona mzee hana mzaha, akatazama saa, akalipia chai na kwenda zake Nairobi na mbuzi watatu majini.

Juma lililofuata alirudi akasema kwamba amemsimulia mkewe, Ambiyo, kwa simu, na sasa Ambiyo naye anauliza. Muthama alikuwa amejiandaa. Alichagua wimbo kwa mkono, upande wa kwanza, akakaa na simu magotini ili ukiisha tu abonyeze wa pili. Kijana alipokuwa anavua viatu, mtu wa kabeji alimpigia Muthoki kwa simu ile ile ya hoteli. Muziki ukakatika. Walipomaliza habari za kabeji, app ilikuwa imesahau walipokuwa, ikatoa kitu kingine kabisa.

Juma la tatu upande wa pili ulijitokeza wenyewe, bila wa kwanza, Hersi akiwa mlangoni ananawa mikono. Muthama aliruka kuuzima hata akasahau magoti yake. Hersi alisema mbona amezima, kwani si ndio ule? Muthama alimwambia kwamba amesikia nusu ya kwanza wiki mbili zilizopita, ameshaipoza, na mtu haendi kuvuka mto akiwa hajafika mtoni. Hersi alipangusa mikono. Alisema angeweza kuutafuta mwenyewe kwenye simu yake, shida ni kwamba hangeelewa neno hata moja.

Kwa muda Muthama alijaribu kugeuza mwenyewe, kama zamani. Kila wimbo wa pande mbili ulipotokea alinyakua simu na kutafuta nusu yake katika nyimbo mia mbili na kumi na mbili. Hakuweza kwenda chooni kwa raha. Chai yake ilipoa mezani. Na kila akichagua kwa mkono, app ilianza kuchanganya upya, ikarudia nyimbo za asubuhi, hata wateja wakalalamika. Mwisho wa mwezi alipoenda nyumbani Kalamba alimweleza Kanyiva taabu zake. Kanyiva alikuwa anamwagilia michungwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Baba Muthoki, hao waliotengeneza hiyo kitu, umewaambia?"

Muthama hakuwa amefikiria kwamba wanaweza kuambiwa.

Aliporudi Mtito alikwenda kwa Gedion, kijana mwenye duka la simu mkabala na kituo cha mafuta. Gedion alimwonyesha mahali ndani ya app palipoandikwa "Tuma Maoni". Alimwambia aandike kwa kifupi. Muthama alinunua karatasi za mistari, akaandika barua kwa mkono siku nzima, na kesho yake akamwomba Gedion ainakili ndani ya simu. Gedion aliinakili yote, pamoja na tarehe na anwani ya posta. Ilisema hivi:

"YAH: OMBI LA KUFUNGANISHA NYIMBO. Kwenu wahusika. Mimi ni Muthama wa Kalamba, kwa sasa niko Mtito Andei, mtumiaji wa Tumbuizo. Kwanza nawashukuru kwa kuhifadhi nyimbo zetu. Pili, ziko nyimbo zilizokatwa mara mbili kwa sababu ya udogo wa sahani, na ninyi mkizichanganya, nusu moja inacheza asubuhi na nyingine inacheza jioni au haichezi. Siwaombi muache kuchanganya. Changanyeni mpendavyo. Ninaomba tu mtupe namna ya kuzifunga mbili pamoja, ili ikija ya kwanza, ya pili iifuate, ndipo mwendelee na fujo zenu. Na mkiangukia ya pili, rudini kwanza mkaichukue ya kwanza. Viatu huuzwa viwili. Nimewahi kuifanya kazi hii kwa mkono, kwa hiyo mkiwa na swali niko tayari kuwasaidia."

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, na Muthama alifurahi sana kwa wepesi wao. Lilimshukuru kwa kuwasiliana, likamwomba azime simu kisha aiwashe. Aliizima, akaiwasha, akawaandikia kwamba amefanya hivyo, simu imewaka vizuri, lakini nyimbo bado zimeachana. Jibu la pili lilimwambia kwamba kama hataki nyimbo zichanganywe abonyeze kitufe cha mishale. Aliwaandikia tena, kwa upole, kwamba wasome barua kuanzia mstari wa "Siwaombi". Jibu la tatu lilimtaka azime simu. Gedion alimweleza kwamba hao si watu, ni mashine inayojibu. Muthama alishangaa kidogo, kisha akasema hata hivyo imejibu kwa heshima, na akaendelea kuiandikia kila Ijumaa.

Ijumaa ya sita alijibu mtu. Jina lake lilikuwa Bilan, na aliandika Kiswahili cha kawaida tu. "Mzee Muthama, nimesoma barua zako zote sita," alisema. "Hata sisi nyumbani tuna kaseti za shangazi zenye shida hiyo." Aliendelea kusema kwamba yeye hana uwezo wa kubadilisha app, ila kuna ukurasa ambapo watumiaji huweka mawazo yao na wengine huyapigia kura. Wazo likipata kura mia moja na hamsini, wahandisi wanalazimika kulijadili. Alikuwa amemwekea la kwake pale. Lilikuwa na kura moja, ambayo ni ya Bilan.

Muthama alimuuliza Gedion kama ni halali mtu kujipigia kura. Gedion alimwambia hata wabunge hufanya hivyo. Zikawa mbili.

Hapo ndipo Mtito Andei ilipoanza kumjua. Asubuhi alipitia maegesho ya malori, na kofia yake ya kituo kichwani, akigonga milango ya madereva waliokuwa wanapiga mswaki. Hakuwaomba moja kwa moja. Aliwauliza kwanza kama kuna wimbo wanaoupenda ambao una ndugu yake, na karibu kila mtu alikuwa nao. Mmoja alikuwa na kipande cha mahubiri kinachofuatwa na wimbo. Mwingine alikuwa na ngoma mbili ambazo lazima zifuatane, la sivyo anahisi ameacha geti wazi. Kisha Muthama alitoa karatasi yenye maelezo ya jinsi ya kuupata ule ukurasa, kwa hati yake safi ya vibandiko vya mtama.

Kulikuwa na hasara. Madereva kumi na mmoja waliokuwa wameegesha pamoja walipiga kura kwa bidii, kumbe walikuwa wamepigia wazo la jirani, la kufanya app iwe na rangi nyeusi. Muthama aliwafuata kuwaeleza, lakini wengi walikuwa wameshafika Emali.

Msaada mkubwa ulitoka kanisani. Nzuki, mwalimu wa kwaya ya kanisa analosali Muthoki, alikuwa amerekodi nyimbo za kwaya yake na kuziweka Tumbuizo. Kila wimbo ulitanguliwa na kipande kifupi ambapo Nzuki mwenyewe anasema, kwa sauti nzito, "Ndugu mpendwa, funga macho sasa, usikilize maneno haya na uyaweke moyoni." Nzuki alipita hotelini mchana mmoja kunywa chai, akasikia sauti yake ikitoka kwenye spika, akatabasamu na kufumba macho pamoja na wateja wawili. Kilichofuata kilikuwa benga ya mtu anayelalamika kwamba pombe ya mjini Wote imepanda bei. Nzuki alifungua macho polepole. Muthama alikuwa ameshasimama kando yake na karatasi. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya mazishi na ya kisima, kura ziliongezeka arobaini na nne.

Hersi naye alifanya kampeni yake barabarani, Mariakani, Voi, hata Athi River, akiwaambia madereva wenzake kuna mtu amesimama na mbuzi majini tangu mwezi wa pili. Na watu wasiojuana na Muthama walianza kuandika chini ya wazo lake. Mmoja wa Kisumu alisema hata benga za kwao zimekatwa hivyo hivyo, na wao pia wanaumia. Mwingine, wa nchi ambayo Gedion hakuweza kuitamka, alisema anasikiliza muziki wa kizungu wenye sehemu nne. Muthama alimwomba Gedion amjibu kwa niaba yake. Alitaka amwambie pole.

Kura zilifika mia moja na hamsini siku ya Alhamisi, kisha zikapita mia mbili. Bilan aliandika kwamba wazo limepelekwa kwa wahandisi. Baada ya hapo, kimya. Mwezi wa kwanza wa kimya, Muthama alisema wanafikiri. Wa pili, alisema labda wanajenga. Wa tatu app ilitangaza mabadiliko makubwa, na hoteli nzima ikamkusanyikia wakati Gedion anayapakua. App ilikuwa imekuwa na rangi nyeusi.

Muthama alirudi mezani kwake. Alikunywa chai yake, na mchana wa siku hiyo hakuna muziki uliochezwa hotelini. Muthoki anasema ndiyo mara pekee aliyomwona baba yake amekata tamaa, na hakuwa ameonekana hivyo hata alipostaafu. Mwau, ambaye hakuwahi kuipenda habari hii tangu ilipomharibia mpangilio wa chapati, alitoka jikoni akakaa kando yake, akamwambia kwamba yeye pia amepiga kura, ya rangi na ya nyimbo, zote mbili, ili mtu asiseme alizembea. Walikaa pamoja wakitazama barabara.

Ujumbe wa Bilan ulifika wiki tano baadaye, Jumatatu asubuhi. Ulikuwa mfupi. Kuna jambo linajaribiwa, halijatolewa kwa watu wote, wamepewa wale tu waliolipigia kura kwanza. Aguse wimbo, aushikilie kwa kidole, atazame chini. Muthama aligusa, akashikilia, akatazama chini. Palikuwa na maneno mawili mapya: "Funga pamoja".

Asubuhi yote alifunga. Zilikuwa nyimbo kumi na saba tu, lakini kila jozi aliisikiliza mwanzo na mwisho kuhakikisha hakuna aliyeozwa mke wa mwingine. Alikuta mbili ambazo app ilikuwa imeziandika kinyume, upande wa pili ukiitwa wa kwanza, akazirekebisha na kumwandikia Bilan taarifa. Alipomaliza alibonyeza mishale iliyopishana, akaweka simu juu ya kabati la vikombe, mahali asipoweza kuifikia bila kupanda kiti.

Hersi aliingia kesho yake saa tano. Hakuna aliyemwambia neno. Chapati ilikuja, maharagwe yakaja. Zilipita nyimbo nne. Ya tano ilikuwa "Mbui Sya Tiva".

Muthama alianza kufasiri kama vile ni mara ya kwanza. Kijana akaaga, akasafiri, akafika mtoni, akafunga kamba, akavua viatu, akatia mguu. Gitaa likapanda, likafifia. Hersi alikuwa ameshika kipande cha chapati nusu ya njia ya kwenda mdomoni. Kimya kidogo. Kisha gitaa lile lile likarudi, na kijana akatia mguu wa pili.

Anavuka, maji yakiwa kifuani. Katikati ya mto mbuzi mmoja anateleza, kamba inakatika, mbuzi anakwenda na maji. Kijana anatokea ng'ambo na wawili. Anafika ukweni akiwa amelowa, na baba mkwe anahesabu: mmoja, wawili. Anauliza wa tatu yuko wapi. Kijana anasema wa tatu anakuja, amebaki nyuma kidogo anakunywa maji. Mzee anautazama mto, anamtazama kijana, anacheka mpaka anashika mlango. Anamwambia aingie akaote moto.

Hersi alimalizia kile kipande cha chapati. Halafu alisema mzee yule alikosea, angemrudisha akalete wa tatu, na kwamba yeye alisema tangu mwanzo kuhusu ile kamba. Muthama alisema mzee alimpenda kijana kwa kuvuka. Hersi alisema kuvuka ni kitu kimoja na hesabu ya mifugo ni kingine. Walibishana mpaka dereva aliyeegesha nyuma ya trela yake akaanza kupiga honi. Hersi alisimama, akampigia Ambiyo pale pale mlangoni, akamsimulia yote kwa Kisomali kwa mikono na mabega, kisha akasikiliza, akamgeukia Muthama.

"Anauliza mbuzi wa tatu alifika wapi."

"Haikusemwa."

Hersi aliipeleka habari, akasikiliza tena. "Anauliza kama hakuna upande wa tatu."

Muthama ilibidi amweleze, kupitia kwa Hersi, jinsi sahani ilivyo.

Leo kufunga pamoja kuko kwa watumiaji wote wa Tumbuizo. Nzuki hajaridhika, kwa sababu nyimbo zake za Pasaka zina vipande vitatu na app inafunga viwili tu, na ameanza kukusanya kura zake. Ya kwanza alipewa na Muthama.

Na Muthama, tangu alipoiweka simu juu ya kabati, mikono yake ikawa haina kazi. Muthoki alimwona siku mbili tatu amekaa tu, mikono juu ya magoti, akiangalia spika. Siku ya nne alimletea sinia la maharagwe achambue. Mzee alisogeza kiti kidogo ili mwanga uingie vizuri, akaanza kutoa mawe moja moja na kuyapanga kando ya sinia, makubwa upande huu, madogo upande ule.